Neno la Mwisho la Notburga Limepita

Notburga anastaafu Ijumaa ya mwisho ya Juni, na neno lake la mwisho limepita! Sasa ndipo niwasalimu, ndugu wafanyakazi wa Ofisi ya Kamusi hapa Bolzano. Mimi ni Filomena Innerhofer, mama yake mzazi. Mkuu wenu, Daktari Egger, ameniomba niandike wasifu huu, kwa sababu katika miaka thelathini na minane ya kazi ya binti yangu, hakuna aliyemsikiliza kunishinda mimi.

Alianza kwa kupanga kadi. Wenzake walikuja na vyeti vya vyuo vikuu vya Vienna na Padova. Yeye alikuja na masikio. Muda si muda akapewa maneno yake mwenyewe, na leo fungueni kamusi popote, jina lake mtalikuta chini ya maneno. Mimi hufungua mara kwa mara, hasa nikiwa na wageni.

Desturi yenu mnaijua, ila jarida hili husomwa na wengi. Neno halichapwi mpaka lisomwe, pamoja na maelezo yake, kwa mtu wa nje asiye msomi. Akielewa, anagonga meza. Asipoelewa, linarudi. Msikilizaji wa Notburga ni mimi, jikoni kwangu, mikono ikiwa kwenye unga. Waliodhani mama atagonga tu hawanijui. Neno moja la jibini nililirudisha hata jibini lenyewe likaota ukungu.

Hili la mwisho ni apotheke. Wagiriki wa kale waliita hivyo ghala. Kwetu tunaosema Kijerumani ni duka la dawa. Majirani zetu Waitalia wakapata bottega, karakana ya fundi. Wafaransa boutique, duka la vitu vizuri. Wahispania bodega, ghala la mvinyo. Vipi neno moja lizae watoto wasiofanana? Akanisomea wakati wa theluji, sikugonga. Akanisomea Pasaka, sikugonga. Na ukistaafu neno lako halijapita, anapewa mwingine, na jina lako halikai chini yake.

Mwezi Mei Daktari Egger alikuja mwenyewe. Akala madonge yangu ya mkate na nyama, akajifuta mdomo.

"Mama Filomena, si ugonge tu? Amebakiza wiki chache."

"Daktari, huyu hajapitishwa kwa huruma tangu aanze. Nimwanzishie leo, ana mvi kichwani? Kula, yanapoa."

Notburga alikuwa palepale, anacheka. "Mwache, Daktari. Akigonga kwa huruma nitajua. Atagonga kwa kidole kimoja."

Lakini binti yangu kula hakula, nami niliona.

Jumapili iliyofuata alikuja bila karatasi hata moja. Akanishika mkono, akanipeleka kwenye chumba cha chini cha nyumba yetu.

"Mama, hapa unapaitaje?"

"Chumba cha maapulo. Umesahau kwenu?"

"Na enzi za babu?"

"Chumba cha mvinyo."

"Na baba alipokuwa hai?"

"Karakana. Aliweka randa zake humu, na vumbi lake lote."

"Chumba kilihama?"

"Kihame kiende wapi?"

"Basi na ghala la Wagiriki ni hivyo hivyo, Mama. Kila taifa lililiita kwa lilichokiweka ndani. Sisi tuliweka dawa."

Nilipanda ngazi na magoti yangu haya, nikaifikia meza, nikagonga kwa kiganja kizima mpaka unga ukaruka. Yeye akakaa chini, akaomba sahani.

Daktari Egger na wenzake wote, asanteni kwa kumtunza. Na wewe binti yangu, upumzike kwa raha, uwe na afya, na Jumapili zako ni zangu.

Siku ya kumuaga atalisoma neno hilo mbele yenu, nanyi mkielewa mgonge meza. Asiyeelewa nitamweleza mimi. Keki ya maapulo naileta mwenyewe. Nawasubiri nyote, pamoja na wale wa ghorofa ya juu wanaojifanya hawana nafasi, Ijumaa ya mwisho ya Juni, saa kumi alasiri.