Sajini Sema Kwanza, Aliyekaa Mbele ya Mlango wa Mahabusu

Katika wasifu huu kuna aya moja ambayo watu wenye vyeo waliomba ifutwe kabla programu ya mazishi haijaenda kwa mpiga chapa. Haikufutwa. Ikifika mtaijua wenyewe, na mwenye kutaka kutoka nje apunge upepo wakati inasomwa, njia iko wazi.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1961, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni. Alikuwa mtoto wa kwanza wa baba mchomea vyuma na mama aliyefua mashuka ya hoteli iliyo mkabala na stesheni ya reli. Wadogo zake walifuatana upesi, na kwa kuwa wazazi walirudi jua limeshazama, ufunguo wa nyumba ulining'inia shingoni mwake tangu akiwa darasa la pili. Mama aliacha agizo moja tu: mlango haufunguliwi mpaka aliye nje aseme, na sauti yake itambulikane.

Siku moja baba alirudi mapema, jino limemvimbisha shavu hata hawezi kufumbua kinywa. Akagonga.

"Nani?"

Akagonga tena.

"Sema kwanza!"

Baba alinguruma, na mngurumo haukutambulika. Mvua ikamnyeshea palepale kizingitini hadi mama alipofika. Jino lilipong'olewa, neno la kwanza lililomtoka lilikuwa hili: "Mtoto huyu mkimpa lango la jela, hakimu mwenyewe atalala nje." Alilisema kwa hasira, lakini aliwasimulia wageni kisa hicho mpaka uzeeni, kifua mbele.

Alisoma shule ya msingi iliyo jirani na soko la mitumba, kisha sekondari ya wasichana kuanzia mwaka 1975 hadi 1978. Hakuwa wa kwanza darasani wala wa mwisho, na asitokee mtu hapa leo akamzulia maksi ambazo hakuzipata. Alichojaliwa ni ubishi. Mwalimu mkuu aliwahi kuliadhibu darasa zima kwa sababu ya kioo cha dirisha kilichovunjika. Wenzake wakapiga magoti, yeye akabaki wima. "Mwalimu, tuulize kwanza, mmoja mmoja." Akarudishwa nyumbani wiki nzima. Baadaye ikajulikana kwamba kioo kilivunjwa na walimu wenyewe walipokuwa wakicheza mpira. Hakuna aliyekwenda kumwomba radhi, naye akarudi darasani akaketi kama vile ameombwa.

Alijiunga na polisi tarehe 4 Januari 1982, na baada ya mafunzo akapangiwa kituo cha kati cha mji huu, lile jengo lenye rangi ya buluu chini na nyeupe juu. Akawekwa kaunta. Askari wengi huona kaunta ni adhabu, maana huko hakuna kufukuza majambazi wala kupigwa picha za gazeti. Huko huletwa simu zilizopotea, wapangaji waliomwagiana maji machafu, na madereva waliogongana huku kila mmoja akiapa kwamba yeye alikuwa ameegesha. Aliwahi kuja mume kushtaki kwamba mkewe amempiga, na mke akawa amemsindikiza, ahakikishe anaeleza vizuri. Marehemu aliwaketisha benchi moja. Hiyo ilikuwa desturi yake: mshtaki na mshtakiwa benchi moja, bega kwa bega, hadi zamu yao ifike. Alisema nusu ya kesi za mji huu hufia kwenye lile benchi, kwa sababu ni vigumu kumchukia mtu ambaye kiwiko chake kinakugusa mbavu.

Desturi yake ya pili ndiyo iliyompa jina. Mwaka 1986 aliletewa mzee mmoja aliyekuwa akiyumba na kutokwa jasho, na wote wakasema ni pombe. Alipomuuliza jina, mzee akafumbua mdomo asiweze kulitaja. Marehemu hakumwingiza ndani. Alimpeleka hospitali, na huko ikaonekana ni ugonjwa wa sukari. Tangu siku hiyo hakuna aliyepita kaunta yake kwenda mahabusu bila kutaja jina lake kwa mdomo wake mwenyewe. Aliyemkamata asimsemee. Kitambulisho kisimsemee. "Sema kwanza, ndugu yangu. Wewe ni nani?" Walevi waliimba majina yao. Wezi walitaja ya uongo, naye akawapokea vivyo hivyo; alichotaka ni kujua kwamba aliyemo ndani ya kile kiwiliwili yupo. Mji mzima ukamwita Sajini Sema Kwanza hata kabla hajawa sajini.

Mume wake alimpata kaunta hapohapo. Huyu ni mwalimu wa michezo, na wakati huo alikuwa pia mwamuzi wa mpira. Jumapili moja ya mwaka 1988 aliingia kituoni mbio, shati limechanika, filimbi mdomoni, na mashabiki nyuma yake.

"Afande, nisaidie, wataniua!"

"Sema kwanza. Ulifanya nini?"

"Nimetoa penalti."

"Ilikuwa penalti kweli?"

"Afande, ilikuwa penalti."

"Hata sasa, na hawa wako mlangoni?"

"Hata sasa."

"Basi keti." Akatoka akasimama mlangoni, akawauliza mashabiki nani kati yao anataka kuwa wa kwanza kutaja jina lake. Wakakumbuka shughuli zao nyumbani. Marehemu na mwamuzi wake walifunga ndoa tarehe 2 Septemba 1989. Alikuwa akiwaambia mashoga zake kwamba wanaume wenye sura nzuri aliwaona wengi, lakini aliyeshikilia penalti yake huku anatetemeka alimwona mmoja.

Sasa tumefika kwenye aya yenyewe.

Tarehe 17 Agosti 2009, mchana kweupe, askari wa doria waliingia kituoni wamemshika makwapani mwanamume mmoja, mwuza viatu vya mitumba. Miguu yake ilikuwa ikiburutika.

"Amelewa huyu, Sajini. Mwandike tumtupe ndani."

Marehemu hakushika kalamu. "Kaka, unaitwa nani?"

Kimya.

"Kaka, sema kwanza."

Aliinama akamtazama. Damu ilikuwa ikimtoka sikioni. Mtu huyo alipigwa ndani ya gari la doria, na hilo hatukulizua sisi. Ndivyo walivyokuja kukiri askari wale wenyewe.

"Simpokei."

"Unasemaje?"

"Nimesema Kiswahili. Simpokei."

Akaitwa mkuu wa kituo, ambaye leo ana cheo kikubwa zaidi na ofisi yenye zulia. "Sajini, mpokee. Ni amri."

"Nimeisikia, mkuu. Mimi napokea watu wanaosema. Huyu mpelekeni hospitali. Akitaja jina lake mleteni hata kesho, nitamwandalia na benchi."

"Lete funguo."

Alilivuta lile benchi, akaliegemeza kwenye mlango wa mahabusu, akakaa juu yake, funguo mapajani. "Hizi hapa. Njoo uzichukue."

Kwenye foleni alikuwapo mama aliyepoteza kitambulisho na wapangaji wawili waliokuja kugombana. Wote walimkodolea macho mkuu. Mkuu aliziangalia funguo, akaiangalia foleni, kisha akaagiza gari. Daktari alisema mtu yule angelazwa kwenye sakafu ya mahabusu asingeamka. Aliamka. Leo ni fundi viatu, yuko hapa safu ya pili. Sikio la kulia halisikii tena, kwa hiyo mkitaka kumsalimia simameni kushoto kwake.

Jumatatu iliyofuata marehemu aliondolewa kaunta kwa "kukaidi amri halali". Maneno hayo ni yao. Aliambiwa akiomba radhi mambo yatalainika.

"Yule mgonjwa mmeshamwomba radhi?" akauliza.

"Hilo ni jambo jingine."

"Basi mkimwomba mniite. Nitapanga foleni nyuma yenu."

Hakuitwa. Hakupandishwa cheo tena hadi anastaafu, na hakuna siku aliyompaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa ili apandishwe.

Walimpeleka stoo ya vielelezo, chumba kisicho na dirisha kilichojaa baiskeli, masufuria na redio za watu, wakidhani amezikwa. Akaanza kuwatafuta wenyewe. Watu waliokwisha kusahau kwamba waliwahi kuibiwa walijikuta wakigongewa mlango na sajini anayesukuma baiskeli. Mara moja aliletewa kuku wa ushahidi, tetea aliyegombaniwa na majirani wawili. Kesi ikaahirishwa, ikaahirishwa tena, na kuku akataga. Konstebo mmoja akapendekeza mayai yakaangwe.

"Hayo ni sehemu ya kielelezo," marehemu alimwambia. "Ukila utakuwa umeharibu ushahidi, na nitakupokea mimi mwenyewe."

Kesi ilipofika, aliingia mahakamani na boksi linalolia. Hakimu akavua miwani. "Sajini, hapa pameandikwa kuku mmoja."

"Mheshimiwa, ndivyo alivyoingia. Hao wengine wamezaliwa wakisubiri haki."

Mahakama ilicheka mpaka karani akaomba maji, na majirani wale wakagawana vifaranga, wakapatana.

Alistaafu tarehe 30 Juni 2019. Mwaka 2022 aligundulika kuwa na saratani ya koo. Sauti ilianza kukwaruza, ikawa mnong'ono, kisha ikakatika kabisa. Wapo waliosema kwa huruma kwamba sasa amenyamazishwa. Hawakuwa wakimjua. Mume wake alimpa ile filimbi ya uamuzi, na nyumba ikaendeshwa kwa filimbi: moja, njoo; mbili, zimeni redio; tatu, mgeni amekaa vya kutosha. Hospitalini, wahudumu walipotaka kumsukuma kitanda kwenda chumba kingine bila kumweleza ni wapi, alipuliza hadi daktari akaja akisoma nyuso. "Mama, kuna nini?" Akamnyooshea kidole mhudumu, kisha akagusa midomo yake mwenyewe. Mume ndiye aliyetafsiri: "Anasema, mseme kwanza."

Alifariki tarehe 11 Februari 2024, asubuhi, mume wake akiwa amemshika mkono na binti yake akiwa amemshika miguu.

Siku ya pili ya msiba alikuja nyumbani ofisa mmoja wa polisi, mwenye adabu, kiatu kinang'aa. Alileta mapendekezo. Idara itatoa gwaride, tarumbeta na bendera juu ya jeneza, nasi tuiondoe ile aya. Aliyempokea ni mdogo wa kike wa marehemu, ambaye ameuza vipuri vya magari zaidi ya nusu ya umri wake na hajawahi kukubali bei ya kwanza.

"Mama, ni aya moja tu."

"Kama ni moja tu, mbona umeifuata mbali hivi?"

"Tunaweza kusema alihamishiwa stoo kwa mahitaji ya kazi."

"Tuongeze na kwamba mwuza viatu alijikwaa?"

Ofisa akakohoa. "Sasa familia mnataka nini?"

"Gwaride tunalitaka. Alilifanyia kazi, si msaada. Leteni na tarumbeta, na aya ibaki. Tena mmoja wenu aje aisome."

"Hilo haliwezekani, mama."

"Basi hatujauziana. Kunywa chai yako, inapoa."

Alikunywa, kwa kweli, na alipoondoka mdogo wa marehemu alimgeukia mwalimu, mume wa marehemu. "Shemeji, nimekuharibia gwaride la mkeo?"

Mwalimu alikuwa akifuta filimbi kwa ncha ya shati. "Shemeji, tarumbeta yao wabaki nayo. Filimbi tunayo."

Ndiyo maana leo hamwoni gwaride. Lakini waliolibeba jeneza kutoka barabarani hadi hapa ni askari wa kituo cha kati, wake kwa waume, waliokuja kwa nguo za nyumbani, kila mmoja akijua kwamba huenda ataulizwa Jumatatu alikuwa wapi. Hawakuombwa. Familia imewaona, na haitasahau.

Marehemu ameacha mume, binti mmoja ambaye ni mkunga, mtoto wa kiume ambaye ni fundi umeme, wajukuu wanne ambao hakuna anayefungua mlango kabla hajauliza "nani?", mdogo wake mwuza vipuri, wadogo zake wawili wa kiume, na fundi viatu, ambaye familia imemwandika hapa kwa hiari yake na yetu.

Alituzoeza kwamba mlango haufungwi juu ya mtu ambaye hajasikika. Leo yeye hawezi kusema, na tulitakiwa tumsemee uongo ili tupate tarumbeta. Tumekataa. Kwa hiyo kabla jeneza halijashushwa, mume wake atapuliza filimbi mara moja, na mnajua moja maana yake ni njoo. Kisha kila aliyewahi kusimama mbele ya kaunta ile, aliyepotelewa, aliyepiga na aliyepigwa, aje hapa ukingoni ataje jina lake kwa sauti yake mwenyewe. Fundi viatu ameomba awe wa kwanza, maana siku ile aliulizwa na hakuweza kujibu. Jibu lake bado analo. Asiharakishwe mtu. Akishasikika wa mwisho, ndipo tutakapomfungia mlango Sajini wetu, na apumzike kwa amani.