Bi. Bernadeta Kija na Uvimbe Ambao Sindano Haikuusoma

Leo, tarehe 30 Juni 2025, Bi. Bernadeta Kija anastaafu baada ya miaka thelathini na mitatu katika maabara yetu ya patholojia. Nimeombwa niandike kwa uchangamfu. Nitajaribu.

Alianza kwa kuosha vioo vya darubini, akafikia kuwa mtu ambaye madaktari walimpigia simu kabla ya kumwambia mgonjwa lolote. Alipokuta kikombe cha chai karibu na fomalini, ile kemikali ya sumu ya kuhifadhia sampuli, tulijificha wote, daktari bingwa akiwemo.

Mwaka 2012 alikuja Mzee Mashimba, mkulima wa Sengerema, mwenye uvimbe kichwani usiozidi punje ya mahindi. Bi. Kija alivuta seli kwa sindano, akazisoma: uvimbe wa tezi ya jasho, hauna madhara. Daktari aliridhika, hakikukatwa kinyama cha uvimbe ili kipimwe. Miezi minane baadaye mzee alirudi na mitoki shingoni. Safari hii kinyama kilikatwa, kikasema saratani. Sindano huvuta seli chache tu. Haionyeshi zimejipanga vipi wala zimepenya hadi wapi.

“Binti yangu, si ulisema si kitu?” mzee alimuuliza.

“Nilisema, baba. Nisamehe.”

Mzee alizikwa kabla ya mavuno.

Tangu hapo, kila uvimbe wa tezi za jasho au vinyweleo aliousoma kwa sindano, alidai na kinyama chake kikatwe kipimwe. Waliokataa kukatwa aliwafuata makwao, hata ng’ambo ya ziwa kwa kivuko, siku zake za mapumziko. Kwa miaka kumi na miwili alilinganisha majibu ya wagonjwa sabini na mmoja. Mara nyingi yalikubaliana. Kwa tisa, sindano ilisema salama na kinyama kikasema saratani. Saba kati ya hao wako hai.

Aliandikia uongozi wa hospitali barua tatu akiomba ulinganisho huo uwe utaratibu wa kudumu. Hakujibiwa. Mashine ya kuandaa vinyama imekufa tangu Februari, na nafasi anayoiacha Bi. Kija haijapata mtu. Tulipomvika kitenge cha zawadi, alituuliza nani atadai vinyama. 

Dada Bernadeta, asante kwa kutufundisha kuogopa jibu la haraka. Nenda nyumbani Igoma ukapumzike. Mungu akupe afya na miaka mingi. Nawe utuombee sisi tuliobaki, na wagonjwa wa kesho asubuhi.