Bi Mererid Gethin na Wimbo Aliounyamazia Miaka Arobaini na Tisa

Wapendwa waombolezaji, Mzee Goronwy Wynn na wazee wenzako mlioketi kwenye kiti kikubwa chini ya mimbari, majirani, na ninyi mliokuja moja kwa moja kutoka machimboni na vumbi lenu viatuni, mimi ni Eluned, mtoto wa marehemu, nimesimama hapa kusoma maisha ya mama yangu kwa sababu wote waliopaswa kuyasoma wamemtangulia, na kama sauti yangu itakuwa kali mahali fulani, mnivumilie, nimeirithi kwake.

Bi Mererid Gethin alizaliwa tarehe 9 Novemba 1879 hapahapa Rhyd-y-garreg, katika nyumba ya tatu ukitoka darajani, akiwa mtoto wa kwanza wa Huw Penri, mchimba mawe ya kuezekea, na Sioned mkewe, na katika watoto wao wanne yeye peke yake ndiye aliyevuka umri wa miaka mitano. Alianza shule mwaka 1885, akawa mwepesi wa kusoma na mwepesi zaidi wa nota za do re mi, hata mwalimu akawa anamsimamisha mbele awaongoze waliomzidi umri.

Baba yake alikuwa na wimbo mmoja alioupata kwa babu yake aliyelima kwa ng'ombe, wimbo wa msichana anayemngoja kijana wake avuke mto, na alikuwa akiuimba jabalini huku amening'inia kwa mnyororo uliozungushwa pajani, yeye na mwenzake wa kazi, Wiliam Trefor, mmoja akianza mstari na mwingine akiumalizia. Tarehe 21 Mei 1891 jabali lilikatika likamuua Wiliam, kijana wa miaka ishirini na minne aliyebakiza siku tisa afunge ndoa, na kwa kuwa wakati ule uchunguzi wa vifo ulifanyika kwenye kilabu cha pombe, maana hapakuwa na ukumbi mwingine, maiti ikalazwa pale juu ya meza mbili, na Huw, babu yangu, akakaa nayo kwa sababu ndugu wa Wiliam walikuwa mbali. Mchana ule, akiwa peke yake na maiti, hajagusa hata tone la pombe, babu alimwimbia Wiliam wimbo wao.

Mzee wa kanisa Rolant Wynn, babu yake Mzee Goronwy tuliye naye hapa, alikuwa anapita nje, akasikia kupitia dirishani. Jumatano iliyofuata, katika kikao cha washirika, mama yangu akiwa na miaka kumi na mmoja, ameketi ubavuni mwa baba yake na mdomoni aya yake ya Biblia, ile ambayo kila mtoto huikariri kikaoni, alisikia maneno ambayo alinisimulia mara nyingi sana, nami nayasoma kama alivyonipa.

"Huw, Alhamisi ulikuwa kilabuni, ndiyo au siyo?"

"Nilikuwa."

"Ukaimba wimbo wa mapenzi?"

"Nilimwimbia Wiliam."

"Maiti haiimbiwi mambo ya wasichana, bwana wee. Sema tu umekosa, yaishe, twende tukanywe chai."

"Sijakosa, Rolant. Ungeingia ndani badala ya kusimama dirishani, ungevua kofia."

Mikono ikanyooshwa, jina la Huw Penri likapigwa mstari kwa rula na wino mweusi katika kitabu cha washirika, akaambiwa atoke, akatoka amemshika mwanawe mkono, na ile aya haikusomwa. Hakutubu, kwa kuwa hakuwa na la kutubu, na vumbi la mawe lilipommaliza tarehe 4 Februari 1893, kanisa halikumwimbia mtu aliyefutwa, wanaume sita wakamchukua kimyakimya hadi kaburini, na mama, kwa desturi yetu ya kuwaachia wanaume makaburi, akabaki nyumbani na wanawake, akitega sikio upande wa kilima, asisikie kitu.

Mwaka huohuo aliacha shule akaenda kufanya kazi katika shamba la Hafod Lwyd, akakamua ng'ombe miaka mitano, na alikuwa akisema kwamba ng'ombe wa pale hawakuachia maziwa vizuri mpaka waimbiwe wimbo wa Huw Penri, na kwamba hao ndio waumini wa kwanza kuupokea. Tarehe 9 Aprili 1898 alifunga ndoa na Ifan Gethin, mchimba mawe, baadaye mwanzisha nyimbo wa kanisa hili kwa miaka ishirini na tisa, wakajaliwa watoto watatu, Emrys mwaka 1899, Gwenno mwaka 1901, ambaye donda koo lilimchukua kabla hajatimiza miaka miwili, na mimi mwaka 1904.

Mwezi Oktoba 1908 mchungaji wetu wa wakati ule, Elis Prydderch, alifika nyumbani na daftari, kwa kuwa kitabu kipya cha nyimbo kilikuwa kinatayarishwa na walikuwa wakitafuta tuni za kale za nchi yetu, na alikuwa amemsikia mama akiimba wimbo wa baba yake huku akianika nguo. Alikula vipande vinne vya mkate wa zabibu na siagi, nilivihesabu, nikakosa changu, kisha mama akamwambia, "Nitakuimbia, Mchungaji, lakini jina la baba yangu lirudi kitabuni." Naye akajibu, "Hilo dogo, Mama Emrys, niachie mimi." Akaimba, mchungaji akaandika, akaomba arudie, akarudia, na kabla ya Krismasi mchungaji alikuwa amehamia kanisa kubwa la mjini bila kulifikisha jambo lile kwenye kikao chochote. Kitabu kilipotoka mwaka 1909, tuni ilikuwemo, imevalishwa maneno ya Mbinguni, imepewa jina la kijiji chetu, na chini yake imeandikwa kwamba ilipatikana kwa mwimbaji asiyejulikana.

Tangu Jumapili ya kwanza ilipoimbwa, mama alisimama pamoja nasi, akafungua kitabu ukurasa uleule, na akafunga mdomo, na hakuufungua kwa tuni ile tena ndani ya kuta hizi. Baba ndiye aliyekuwa akiianzisha, akimwangalia mkewe pale kwenye benchi la tano, na siku moja mezani alimwuliza, "Sema unachotaka, Mererid. Niache kuuanzisha?" Mama akamjibu, "Uanzishe, Ifan. Ni wimbo mzuri." Mara mbili baba alilipeleka jambo kikaoni, mwaka 1919 na mwaka 1931, na mara zote mbili akajibiwa kwamba marehemu hawezi kutubu.

Wengi mnasema mama alikuwa na kinyongo, nami sitabisha, lakini kwa miaka thelathini na mitatu aliwafundisha watoto wenu do re mi katika shule ya Jumapili, na tuni hiyohiyo aliwafundisha kwa fimbo tu, akiigusa nota moja moja kwenye chati ya ukutani bila kutoa sauti, hivi kwamba nusu ya mnaoimba humu mliupokea wimbo wa Huw Penri kutoka kwenye fimbo ya bintiye.

Kaka yangu Emrys aliuawa Ufaransa tarehe 2 Septemba 1918, na katika ibada yake kanisa liliimba tuni ile kwa sababu aliipenda, baba akaianzisha huku analia, na mama akasimama mdomo umefungwa. Pale mlangoni jirani yetu Catrin akashindwa kuvumilia, akasema, "Hata kwa mwanao, Mererid? Una jiwe kifuani, wewe!" Mama akamwambia, "Baba yangu naye alikuwa mwana wa mtu." Nilikuwa na miaka kumi na minne, na siku ile nilimchukia mama yangu, naliungama mbele yenu, na sikuacha kumchukia upesi.

Baba alifariki tarehe 30 Januari 1936, kwa vumbi lilelile. Mama aliendelea na afya yake mpaka tarehe 2 Februari mwaka huu wa 1958, alipopigwa na kiharusi akikanda unga, upande wa kulia ukalala, na sauti ikaondoka kabisa. Nilikwenda kwa Mzee Goronwy nikamwambia, "Mzee wangu, mama anakufa, na kitabu unacho wewe." Akasema, "Eluned, ule mstari ni mkono wa babu yangu." Nikamwambia, "Na aliyefutwa ni babu yangu."

Jumatano iliyopita, tarehe 12 Machi, washirika kumi na wanne walikaa kikao, katika kanisa lililowahi kuwa na watu mia tatu, mikono kumi na mmoja ikanyooshwa, na mitatu haikunyooshwa, wenyewe mnajijua. Jioni ileile Mzee Goronwy alikuja na kitabu kwapani, akakifungua juu ya blanketi, na mbele ya macho yetu akaandika jina la Huw Penri upya pembeni mwa mstari wa babu yake. Mama aliweka kidole cha mkono wa kushoto juu ya wino kabla haujakauka, akafungua mdomo. Haikutoka sauti, ilitoka pumzi tu, pumzi fupi na pumzi ndefu, lakini nilizifuata, nikajua yuko mstari wa kwanza, akaingia wa pili, wa tatu, akafika mwisho. Miaka arobaini na tisa alikuwa na sauti na hakuruhusiwa na moyo wake, na siku aliyoruhusiwa sauti haipo. Sijui kama nimsamehe mtu yeyote kwa hilo, na leo msiniulize.

Alifariki Ijumaa tarehe 14 Machi 1958, saa nne asubuhi, kidole kikiwa bado na wino.

Familia inamshukuru daktari wetu aliyepanda kilima kila asubuhi, muuguzi wa tarafa, majirani wa upande wa darajani walioleta supu na makaa, walimu wenzangu walionishikia darasa, na Mzee Goronwy, aliyekileta kitabu mwenyewe hadi kitandani.

Mama atalazwa ubavuni mwa baba yake, aliyezikwa bila wimbo. Wanaume wa Rhyd-y-garreg, desturi naijua, lakini leo nakwenda kaburini, na nitauanzisha mimi, si kwa maneno ya kitabu, bali kwa yale ya msichana anayengoja ng'ambo ya mto, kama yalivyoimbwa kwa Wiliam juu ya meza mbili. Mnaotaka, nifuateni. Anayetaka kunifuta, kitabu kiko kwa Mzee Goronwy, na rula iko katika sanduku la kanisa.

Nenda ukatulie, Mama, wewe na baba yako. Safari hii mtasikia.