Matone ya Kwaresima

Apolonia alipandia basi Igowole, akaketi kando ya mzee asiyemjua. Bila kuulizwa, mzee akajigamba kwamba dawa yake ya matone, ile ya presha ya macho, ameiacha Kwaresima nzima, kwa vile inateremka kooni na kumharibia mfungo.

Apolonia akawaka. “Baba, Mungu gani kakutuma? Mume wangu aliiacha eti kwa kuwa macho hayamuumi. Sasa hata chooni nampeleka mimi! Ugonjwa huu hauumi, unaanza kuila nuru ya macho kutoka pembeni, na ukishaila hairudi!”

“Usinifokee, mwanangu. Kibao cha Mafinga kile pale, nakisoma vizuri.”

Basi likasimama. Pamoja na hasira zake zote, Apolonia akamnyooshea mkono wa kuagana. Mzee akaendelea kukitazama kibao, na mkono ukabaki hewani, pale pembeni, karibu kabisa na shavu lake.