Karanga za Papa Cyprien

Jumamosi hii, tarehe 28 Septemba 1957, Papa Cyprien Alimasi anastaafu baada ya miaka ishirini na sita katika Nyumba ya Chapa Mwangaza, hapa Kisangani. Kazi yake sote tunaijua: kusoma miswada ya vitabu vya watoto wa shule kabla haijachapwa, na kusema upi uingie mashineni na upi urudi kwa mwenyewe. Wapo waandishi katika jimbo hili ambao hawajamsamehe hadi leo. Wapo pia watoto wengi ambao, kwa ajili yake, hawajawahi kusomeshwa kitabu kibaya kilichotoka kwetu, isipokuwa kimoja, ambacho nitakieleza hapa hata kama atanikunjia uso.

Alifika kutoka Kasongo mwaka 1931, kwa boti kutoka Kindu na kwa treni kutoka Ponthierville, akiwa na sanduku la mbao lenye vitabu vingi kuliko mashati. Aliajiriwa kukunja karatasi. Taabu ni kwamba kila alichokikunja alikisoma kwanza, na mafungu yakawa yanachelewa. Msimamizi wa wakati ule angeweza kumfukuza, lakini alimhamishia kwenye meza ya miswada, mahali ambapo kusoma polepole ndiyo kazi yenyewe. Hakuondoka tena kwenye meza hiyo.

Kipimo chake alikigundua kwa bahati. Jumamosi moja watoto wa mitaa ya Mangobo na Tshopo walikuja kusomewa mswada mmoja barazani, na mke wake, Mama Augustine, akawaletea karanga za kuchoma, zikiwa bado na maganda. Papa Cyprien alikuwa amewapa mgongo, anaandika. Akasikia maganda yakivunjika, kra, kra, kisha ghafla kimya. Akatazama nakala yake: hadithi ilikuwa imefika mahali pazuri. Kurasa chache mbele, kra, kra zikaanza tena, na kweli hapo mwandishi alikuwa ameanza kuhubiri.

Tangu siku hiyo hakuna mswada uliopita bila karanga. Mimi Théodore, mpanga herufi, nilipewa kazi ya kusoma kwa sauti, maana ati koo langu ni kubwa kuliko akili yangu. Yeye aliketi kwenye kiti chake amegeukia ukuta, penseli nyekundu mkononi. Watoto wakitafuna, anachora mstari. Watoto wakisahau karanga, anatulia, na mabega yake yanashuka kidogo. Mtoto anaweza kukudanganya kwa macho, alikuwa akituambia, na kwa adabu anaweza hata kupiga makofi, lakini meno yake hayajui kudanganya.

Maoni yake kwa waandishi yalikuwa mafupi. Bwana mmoja wa kilimo kule Yangambi alituletea hadithi ya chui, kurasa nyingi kweli, na jibu alilopata lilikuwa hili tu: «Chui anachelewa kufika.» Yule bwana alikasirika, akaandika barua kali, kisha akamsogeza chui mbele. Jibu likarudi: «Bado anachelewa.» Mara ya tatu chui alitokea kwenye sentensi ya kwanza, na leo kitabu hicho kinapasuka majalada katika kila shule kwa kusomwa. Kila mwaka boti ya Yangambi humletea Papa Cyprien mkungu wa makemba, zile ndizi za kupika, bila barua yoyote.

Sasa kile kimoja kibaya. Mama Augustine alikuwa amesafiri kumwona mjukuu, na Papa Cyprien akaamua kuchoma karanga mwenyewe. Aliziloweka kwenye maji ya chumvi, akazichoma, akazigawa, wala hakuonja. Siku hiyo nilisoma kitabu juu ya adabu za mezani, na baraza zima lilikaa kimya kutoka mwanzo hadi mwisho. Papa Cyprien alisimama machozi yakimlengalenga, akasema hajawahi kukutana na maandishi ya namna hiyo. Kikachapwa kwa wingi. Ni baadaye tu tulipookota karanga zimejaa chini ya mabenchi, kila moja imeumwa mara moja na kutemwa, tukaelewa kwamba watoto walikuwa wanangoja tu ruhusa ya kwenda kunywa maji. Mguu mmoja wa mashine ya kukata karatasi umesimama juu ya kitabu hicho mpaka leo, nasi tunasema kwamba hapo angalau kinasaidia. Tangu hapo alionja karanga kabla ya kufungua mswada wowote.

Na hapa nafika kwenye jambo lililotunyima raha mwezi huu wote. Wachache walijua kwamba kwa miaka mingi Papa Cyprien naye alikuwa anaandika. Ni hadithi ya msichana wa wavuvi wa maporomoko, anayetaka kupanda juu ya miti mikubwa iliyosimikwa majini kushika mitego ya samaki, mahali ambapo wasichana hawapandi. Direkta wetu aliposikia, alisema kitabu hicho kitachapwa mara moja, zawadi ya kuagana. Papa Cyprien alivua kofia, akashukuru, akakataa.

«Bila karanga, hapana, Direkta,» alisema. «Kitabu yangu iko sawa na ya watu wote.»

Basi tukakisoma barazani. Watoto walitafuna. Walitafuna wakati jua la hadithi linachomoza, na jua hilo lilichomoza kwa muda mrefu sana. Alikuwa amekaa amegeukia ukuta, anachora mistari myekundu juu ya maandishi yake mwenyewe, na mimi nilitamani nipotelee chini ya sakafu. Mwishoni Nyota, msichana mdogo ambaye hajui kumbembeleza mtu, aliuliza: «Papa, na ule mutoto atapanda siku gani?» Papa Cyprien akachukua mswada wake, akaenda nyumbani.

Alibakiwa na Jumamosi moja tu kabla ya kustaafu. Sisi wa chumba cha herufi, nakiri, tulikwenda kwa Mama Augustine kwa siri kumwomba atie chumvi nyingi, kama zile za adabu za mezani. Alitutazama kana kwamba tumekuja kuiba kuku.

«Muko na kichwa kweli? Nitachoma muzuri kupita siku zote,» alisema. «Bwana yangu anataka kujua. Hataki mumuhurumie.»

Na alichoma vizuri, harufu ilifika hadi barabarani. Jumamosi iliyopita nilifungua mswada, nikakuta jua limefutwa lote. Msichana alikuwa tayari amekamata kamba, mguu mmoja hewani, maji yakinguruma chini yake. Nilisoma. Kra moja, mbili, kisha hakuna. Niligeuza kurasa nikiogopa hata kukohoa. Nyota alikuwa na karanga katikati ya meno, na ilikaa hapo, nzima, mpaka msichana wa hadithi alipofika juu na kuuona mto wote.

Nilipofunga mswada, watoto walikumbuka karanga zao wote kwa pamoja, na baraza likajaa kra, kra kama mvua juu ya bati. Sauti hiyo aliiogopa miaka yote ya kazi yake. Safari hii aligeuza kiti, akatutazama usoni, akacheka mpaka penseli ikaanguka. Kitabu kiko mashineni, na Nyota amekwisha agiza chake.

Papa Cyprien, asante kwa kila mstari mwekundu, hata ule uliouchora juu yetu. Tunakuombea wewe na Mama Augustine siku ndefu zenye afya, wajukuu wenye maswali, na miswada ya kusoma kwa kupenda tu. Leo kila mgeni amekuta pakiti ya karanga juu ya kiti chake, na maneno haya ninayasoma kwa sauti, kama kawaida. Tafadhali geukia ukuta, Papa, usikilize. Kama nimekosea, utatusikia.