Kabla ya Kutuhamisha, Chimbeni Shimo Moja

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Bi Rosalind Askew, Mwenyekiti wa Baraza la Kaunti, kasisi wetu, majirani wote:

KARIBU

Pole kwa mlima. Tulikuona ukisimama njiani na kujifanya unaangalia mandhari. Usijali, hata sisi hufanya hivyo hivyo. Chai ipo, na keki ya Bi Mabel Tipping ipo.

TULIKOTOKA

Mji wetu wa Stowbarrow umekaa juu ya mawe ya mchanga, na chini ya mawe hayo kuna udongo mfinyanzi unaoteleza mvua ikizidi. Waliojenga soko huku juu walilijua hilo, lakini kondoo walinenepa na upepo ulikausha sufu vizuri, basi wakabaki. Tangu enzi hizo, kila mkazi anayetoka bondeni hupanda na jiwe moja, akaliweka kwenye ukuta ulio chini ya kanisa ili kilima kisiporomoke. Mchumba akija kuposa mikono mitupu, hurudishwa akalifuate. Sasa ukuta umelipita paa la shule.

SHIDA YETU

Wataalamu wako wameandika kwamba ukuta umepinda, na sisi wa Mtaa wa Juu tuhame kabla ya majira ya baridi. Waliutazama kutoka barabarani, wakaondoka zao! Juzi tukiwa baa, Mzee Enoch Tipping alifoka, "Ukuta ndio unaoshikilia kilima, bwana!"

Mkewe, Bi Mabel, akamjibu, "Wee Enoch nawe! Na kama mawe yetu ndiyo yanayokisukuma?"

Mheshimiwa, hakuna kati yetu aliyewahi kujiuliza hivyo. Tunaogopa, tena tunatamani mno kujua.

OMBI

Ni moja tu. Leteni mtambo, mtoboe shimo nyuma ya ukuta hadi kwenye udongo, sote tukishuhudia. Mkikuta kilima kimetulia, tuacheni majumbani mwetu. Mkikuta ni mawe yetu yanayokiangusha, hatutabisha. Tutafungasha virago, kisha tutapanga mstari kutoka kanisani hadi bondeni na kuyateremsha wenyewe, moja moja, Mzee Enoch akitangulia. Amekubali, ingawa alilia.

Mungu akujalie magoti mazima ya kushukia.

Ni sisi, wakazi wa Mtaa wa Juu, Stowbarrow.
Msomaji: Hilda Garside, mwoka mikate.