Mkono Alioazima Marehemu Verlene Stribling

Verlene Mabry Stribling alizaliwa tarehe 4 Mei 1915 hapa Alder Creek, Georgia, mtoto wa pili wa Bwana na Bibi Lamar Mabry. Wa kwanza ni mimi, Ouida, ninayewasomea haya mbele ya jeneza lake. Akiwa na miaka sita alimwuliza mchungaji, mbele ya watu, kama uvimbe wa shingoni mwake ulikuwa laini, akaomba kuugusa. Mchungaji aliinama, akamruhusu.

Alisoma shule ya hapa, kisha chuo cha ualimu Macon, akahitimu mwaka 1936. Mimi niliacha shule darasa la tatu, nikaingia kiwanda cha nyuzi. Mashine ikanivunja vidole vya mkono wa kulia, vikapona vimekunjika kama kucha za mwewe.

Aliolewa na Bwana Hoyt Stribling tarehe 12 Juni 1940. Hawakujaliwa watoto. Alifundisha, na aliandika hadithi fupi zilizojaa vilema, vichaa na wahubiri waongo. Maprofesa wa majimbo ya Kaskazini walisema kasoro za miili humo zinaonyesha kasoro za roho. Mwaka 1952 alitoa hadithi ya mwanamke mwenye vidole vya mwewe, anayetengeneza nywele za maiti na kuwavua pete. Hapa mjini kazi hiyo ya nywele naifanya mimi tu, katika nyumba ya mazishi ya Bwana Peavy. Sijawahi kuchukua hata kibanio.

Nilimwendea. "Umeniandika mwizi."

"Jina nimebadilisha, Ouida."

"Na mkono?"

"Mkono siwezi kuutoa. Hadithi itakufa."

"Basi ife, mdogo wangu. Mimi naishi hapa."

Tangu hapo wafiwa husimama mlangoni kunichunga nikichana nywele za maiti wao. Bibi Crenshaw, wewe uliniambia, "Dada Ouida, umeingia na vidole vyako tu, utoke navyo hivyo hivyo." Watu wakacheka, na maiti ya mumeo imelala katikati yetu.

Figo zilianza kumsumbua Verlene mwaka 1959. Hospitalini alinishika mkono huu huu, akasema, "Uniandae wewe, dada. Mwingine asiniguse." Sikujua kama anatubu au anatafuta mwisho wa hadithi nyingine. Hata sasa sijui. Alifariki tarehe 9 Machi 1961.

Jana nilimchana nywele. Bwana Hoyt alisimama mlangoni.

Ameacha mume, Bwana Hoyt, na dada, mimi. Pete yake ya ndoa iko kidoleni. Nimemwomba Bwana Peavy asifunge jeneza mpaka kila mmoja wenu apite, autazame mkono wake wa kushoto. Bibi Crenshaw, anza wewe. Mkishamaliza kutazama, mwacheni mdogo wangu apumzike kwa amani.